Chumvi Kilo Ishirini kwa Bahari ya Kivukoni

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwisha! Digna ameamua. Tukifunga ndoa Desemba, fungate ni baharini. Si Morogoro mjini, si kwa shangazi yake Mahenge. Baharini! Ametangaza mbele ya mama yake, Mama Margareta, wakati nina kitumbua mdomoni. Nikapaliwa. Mama Margareta akanipiga mgongoni, akasema mtu aliyeendesha meli hapaswi kushindwa na kitumbua.

Hapa niandike ukweli, maana daftari hili linalala chini ya gunia la mpunga na halisomwi na mtu. Mimi, Nazari Lukelo, fundi simu, miaka thelathini na sita, bahari sijawahi kuiona. Hata kwa mbali. Ile miaka miwili niliyotoweka hapa Ifakara, nikarudi nikisema nilikuwa nahodha Tanga, kumbe nilikuwa Mikumi nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Watu walinipokea vizuri mno. Wakaniita Kapteni. Jina zuri kama hilo ulirudishe, ulipeleke wapi? Sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Digna ni fundi cherehani. Anakupima kiuno kwa kukutazama tu. Nikifika ufukweni naye nikaanza kushangaa kama ndama, ndoa haipo tena. Nampenda yule dada mpaka nasahau bei za vioo vya simu.

Jioni, faraja! Ubao wa ofisi ya kata una tangazo. Shirika moja la pwani linashindanisha vikundi vya vijana vinavyolinda vilima vya mchanga vya ufukweni. Kikundi bora, pamoja na mlezi wake, kinapelekwa pwani wiki nzima kwa mafunzo. Kula na kulala juu yao. Nimesoma mara tatu. Hakuna palipoandikwa kwamba kikundi lazima kiwe cha pwani! Wanataka vijana, mchanga na maji. Vyote tunavyo. Nashinda, naiona bahari kimyakimya, naizoea, narudi. Desemba nampeleka Digna kama mwenyeji.

Akili hii ingekuwa ya mtu mwingine ningemwonea wivu. Nimelibandua tangazo pamoja na fomu yake nikavitia mfukoni, wengine wasipate taabu ya kusoma.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya kutafuta vijana. Nilianza na wa bodaboda. Wakauliza posho. Nikawaeleza habari za uzalendo. Wakawasha pikipiki.

Hermenegildi akatokea na baiskeli yake. Huyu ni mwalimu wa kwaya, ana kipaza sauti anachokitumia hata kusalimia. Alimposa Digna kabla yangu, akakataliwa, na husema ameshasamehe wote. Aliyesamehe hasemi kila wiki. Akauliza nafanya nini kijiweni saa za kazi. Nikamjibu ni mambo ya mazingira, hatayaelewa. Akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Mchana nikampata Nyamizi! Ni binti wa Mzee Makoye, yule Msukuma mwenye ng'ombe themanini kule Kivukoni. Kamaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, na wenzake wanamsikiliza kuliko wanavyowasikiliza wazazi wao. Analeta kumi na mmoja. Sharti lao ni moja: wakishinda waione bahari kweli. Nikaapa. Akaniuliza, shikamoo Kapteni, eti mawimbi huwa na urefu gani? Nikamwambia inategemea na dizeli. Akaliandika jibu hilo kwenye daftari. Anaandika kila kitu yule binti.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumeanza kazi! Pale Kivukoni, chini kidogo ya daraja, mto Kilombero ukipungua huacha ulimi mrefu wa mchanga mweupe. Mzuri sana. Tatizo ni kwamba unaishia kwenye goti. Kwenye tangazo vilima vinampita mtu kichwa.

Nikaamuru tuinue. Vijana wakachota kwa ndoo na majembe tangu saa mbili, nami nikasimamia chini ya mwavuli, maana jua la Septemba halina adabu. Kufika saa nane kilima kikamfika Anselim kifuani. Anselim ni mfupi. Ndiyo sababu nilimteua awe kipimo.

Nyamizi akaniletea mgomo mdogo. Amekataza wenzake wasichote mchanga wa upande wa ncha, eti kuna ndege wametaga. Nikaenda kuangalia. Mayai yako mchangani hivi hivi, hakuna kiota, hakuna hata jani. Ndege wenyewe wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, mdomo mwekundu, na mdomo wa chini umeupita wa juu. Walitupigia kelele kama tunadaiwa. Nikamwambia Nyamizi ndege hawamo kwenye fomu. Akaandika na hilo.

Baadaye, mimea. Fomu inasema vilima hulindwa kwa kupanda mmea unaotambaa, na kuna picha. Kuitazama tu nikaujua: matembele! Nikaenda bustanini kwa Mama Margareta nikakata mashina ya kutosha, kwa idhini nitakayoomba baadaye. Tumepanda kilima chote. Nikalala kifudifudi nikapiga picha kwa chini. Wallahi, kilima kimetoka kama Kilimanjaro!

Jumamosi, 13 Septemba

Kujaza fomu kumenitoa jasho kuliko kuchota mchanga. Si mimi niliyechota, lakini niliona.

Wanataka kujua saa ambazo maji hujaa na kupwa. Nilikuwa nimechomeka kijiti tangu Alhamisi. Kijiti hakijasogelewa wala kuachwa na maji hata kidole. Bahari yetu ni ya polepole. Nikaandika: Kujaa, mwezi wa nne. Kupwa, mwezi wa saba. Mwaka wa mafuriko haikupwa kabisa, tulihamia kwa ndugu.

Nyamizi alichungulia akasema shuleni walifundishwa kwamba bahari hujaa na kupwa kila siku, kwa kufuata mwezi wa angani. Kila siku! Nikamwambia mimi Tanga nilikuwa zamu ya mchana, mwezi sikuwa nauona. Safari hii hakuandika kitu, na hilo likanikosesha raha zaidi.

Swali la kumi: je, kuna papa? Nikajibu wapo wawili, wana miguu minne.

Nimetuma fomu na picha saa kumi na moja. Moyo unanidunda! Nilipita kwa Digna, nikamkuta anashona vibendera vyekundu vidogo, lundo zima. Ni mapambo ya harusi, sikumuuliza. Mwanamke anayeshona bendera miezi mitatu kabla anakupenda.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa, chakula cha mchana kwa Mama Margareta. Kambare, wali, na Hermenegildi. Nani alimwalika?

Mama Margareta akaomba radhi kwamba hakuna matembele, mbuzi wameingia bustanini wakaisafisha. Akawalaani mbuzi hao na kizazi chao. Nikaitikia amina.

Hermenegildi akaanza. Akataka kujua baharini mtu huoga wapi, na je, samaki wakitoka kwenye maji ya chumvi mpishi huwatia chumvi nyingine? Nikasema kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema kapteni hapiki. Watu wakacheka, nami nikashinda! Lakini alipokuwa ananawa akatamka polepole kwamba njia ya mwongo ni fupi, akiwa ananitazama mimi na siyo maji.

Digna alikuwa ananitazama pia. Kwa upendo, nadhani.

Jumanne, 16 Septemba

Simu kutoka pwani! Madamu Rosemery, mkaguzi wa lile shirika. Anasema kilima chetu kimeishangaza ofisi nzima, wamekusanyika kwenye picha tangu asubuhi. Wanataka kuja kukiona kwa macho. Anakuja keshokutwa!

Nilicheza dukani peke yangu mpaka mteja akaondoka na simu yake bila kutengenezewa. Kisha nikakaa chini. Keshokutwa! Mtu aliyezaliwa ufukweni!

Mabaya hayaji peke yake. Mama Margareta amepata habari, sijui kwa nani, lakini katika mji huu mwenye kipaza sauti ni mmoja. Ameamua mgeni atakula kwake. Anasema mtu wa pwani hakosi kumfahamu Kapteni wetu. Digna akaongeza kwamba hata yeye ana hamu ya kusikia.

Nisipompita huyu Madamu salama, Digna anajua kila kitu mezani, mbele ya kambare.

Jumatano, 17 Septemba

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na jibu. Chumvi!

Mkaguzi ataonja mchanga. Mimi ningekuwa mkaguzi ningeonja. Mchanga wa bahari una chumvi, wetu hauna, na hapo ndipo ningekamatwa. Nikanunua chumvi ya mawe kilo ishirini, nikaifunga kwenye baiskeli. Muuzaji akauliza kama nakausha samaki. Nikamwambia nakausha maswali.

Saa kumi jioni nikainyunyiza juu ya kilima chote, juu ya matembele, pembeni, mpaka kwenye maji. Nikaonja. Safi! Ladha ya bahari kabisa, kwa jinsi ninavyoikisia.

Vijana hawakunisaidia. Wote kumi na wawili walikuwa kule kwenye ncha wakizungushia miiba mayai ya wale ndege. Nyamizi amekwisha ongea na baba yake, ng'ombe wamehamishiwa njia nyingine ya kwenda kunywa, mbali na mchanga. Wanahesabu mayai asubuhi na jioni. Yamefika thelathini na moja. Nikawaambia wanapoteza muda, kesho ndiyo siku. Anselim akanijibu kwa heshima kwamba wawili wameanza kuangua. Furaha yote hiyo kwa vifaranga viwili!

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne Madamu Rosemery akafika. Mama wa makamo, viatu vya kutembelea, miwani, mpole. Akasimama darajani akatazama mto. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akauliza bahari iko wapi. Nikamwambia ateremke kwanza aone kilima.

Tukateremka. Mama Margareta yupo, Digna yupo, Hermenegildi yupo na kipaza sauti chake. Kilima kikang'aa juani. Madamu akaushika mmea wangu akauliza kama ni matembele. Na papo hapo Mama Margareta akayatambua matembele yake. Kabla hajafungua mdomo, ardhi ikaanza kutikisika.

Ng'ombe! Ng'ombe wote themanini wa Mzee Makoye! Walikuwa kwenye njia yao mpya, mbali kabisa, upepo ukawapelekea habari za chumvi. Ng'ombe wa Kilombero aliyekaa kiangazi kizima bila chumvi haambiliki. Walikuja mkia juu. Nikasimama mbele ya kilima nikanyoosha mikono kama trafiki. Dume la kwanza likanilamba shingo, maana nilikuwa na chumvi tangu jana, kisha likapita.

Wakakila kilima! Matembele yakaenda kwanza, kisha wakalamba, wakachimba kwa kwato, wakalamba tena. Hermenegildi akajifanya shujaa. Akapanda juu ya ndoo akawafokea kwa kipaza sauti. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Nusu ya kundi ikashtuka ikatimka kuelekea kwenye ncha, kwenye mayai!

Hapo nikawaona vijana. Hakuna hata mmoja aliyekimbilia kilima changu. Walitoka kama mshale kwenda kule kwenye miiba. Kumbe miibani kulikuwa na vibendera vyekundu, vile vya Digna, vinapepea. Nyamizi mbele, anapiga mluzi wa kichungaji na kuita madume kwa majina yao. Wenzake wameshikana mikono, mstari mmoja, Anselim mfupi katikati akilia lakini amesimama hapo hapo. Ng'ombe wakafika hatua tano kutoka kwao. Wakapunguza. Wakageuka! Ndege wote wakaruka kwa pamoja, wakapiga kelele, wakatua tena juu ya mayai yao. Hakuna yai lililovunjika.

Nilipiga kelele ya furaha. Sijui ilitoka wapi, kilima kilikuwa kimeshakwisha.

Mzee Makoye akafika akihema na fimbo yake. Akapatazama pale kilima kilipokuwa, akanishukuru kwa mikono miwili. Alisema ameishi na watu wengi tangu atoke Maswa, lakini hajapata kuona jirani anayewaandalia ng'ombe wa mwenzake mboga pamoja na chumvi yake.

Madamu Rosemery alikuwa amekaa chini mchangani, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Alicheka mpaka Mama Margareta akamletea maji. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye ncha, akakaa na vijana saa mbili nzima. Alisoma daftari la Nyamizi ukurasa kwa ukurasa. Mara nyingine alikuwa akigeuka kunitazama, anacheka upya.

Chakulani nilikuwa maiti. Mama Margareta akauliza swali lake, je, huko pwani habari za Kapteni Nazari mnazo? Madamu akauliza nilikuwa meli gani. Nikasema ya bluu. Akafungua mkoba akatoa fomu yangu, akaanza kusoma ule mstari wa kujaa mwezi wa nne. Hapo Digna akamwongezea wali sahani nzima, akamuuliza bei ya kanga huko kwao. Wakaanza kanga, wakamalizia kanga.

Bahati iliyoje! Digna wangu hajui kitu!

Ijumaa, 19 Septemba

Hatukushinda. Ushindi wameupata wenye bahari, haki yao. Lakini Madamu Rosemery amepiga simu. Kuna kikundi kimejitoa kwenye mafunzo ya wiki ijayo, na anawataka vijana wa Kivukoni badala yake. Anasema wale wa pwani wana vilima lakini vijana wao huja siku ya picha tu, anataka waone watu wanaohesabu mayai bila kuambiwa. Watakwenda kumi na wawili, na mlezi wao.

Mlezi! Nilikwenda mbio Kivukoni na begi tayari.

Nyamizi akasema mlezi atachaguliwa kwa kunyoosha mikono. Demokrasia, nikasema, safi. Wagombea watatu. Hermenegildi alipata sifuri, na ninakiri nilicheka kwa sauti. Mimi nilipata mmoja, Anselim, ambaye baadaye aliniomba radhi kwamba alikuwa anajikuna. Digna kumi na moja.

Digna! Kumbe alikuwa anakwenda pale kila jioni. Nyamizi alisema dada Digna aliwashonea bendera bila kuuliza watashinda au hawatashinda. Mimi nimepewa kulinda vifaranga mpaka warudi. Nina orodha ya kazi, imeandikwa na Nyamizi, kurasa nne.

Kwa hiyo Digna ataiona bahari kabla yangu. Ataijua kuliko mimi. Atarudi na maswali. Nimekwisha mara ya pili mwezi huu.

Jumapili, 28 Septemba

Saa tatu asubuhi, nipo kwenye miiba. Vifaranga kumi na tisa. Wana rangi ya mchanga, ukihamisha macho umewapoteza. Nimewazoea. Kimoja nimekipa jina, sitalitaja hapa.

Digna akapiga simu. Nikapokea kwa mikono miwili. Hakusema hujambo. Akasema nisikilize, akaielekezea simu huko. Nikasikia. Kitu kikubwa kinakuja, kinamwagika, kinarudi, kinavuta pumzi. Tena. Tena! Vinyweleo vya mikono vilisimama. Nilikaa mchangani nikasahau hata kuhesabu.

Kisha akaniambia. Anajua. Anajua tangu mwaka wa kwanza wa uchumba! Shangazi yake wa Mahenge hulala Mikumi kila akisafiri, kwenye nyumba ile ile ya wageni, na husema mashuka hayajawahi kuwa meupe tena tangu yule kijana Nazari aondoke. Fungate la baharini halikuwa mtego. Alitaka tu nikaione, maana mtu aliyeisifia bahari miaka kumi na moja bila kuiona, alisema, anaipenda kuliko wavuvi.

Nikalia. Naandika hivyo hivyo, nililia, ndege wakanizomea.

Harusi ipo. Sharti moja: kuanzia leo uongo basi. Hata mdogo. Hata wa kuchangamsha. Nikaapa kwa jina la marehemu babu, nikaapa kwa vifaranga vyote kumi na tisa. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa! Ukweli ni mtamu hivi, na mimi nilikuwa wapi? Akasema nisikate, niendelee kusikiliza kidogo, mawimbi yanakuja vizuri.

Wakati huo huo Mama Margareta akateremka na vitumbua vyangu. Amenisamehe matembele. Akasikia mvumo ule kwenye simu, akasimama, akauliza ni nini kinachonguruma hivyo.

Nikamjibu ni bahari, mama. Akasikiliza tena, ameshika kifua. Akauliza kama ndivyo ilivyo siku zote.

Nikamwambia imepungua kidogo tangu enzi zangu.